Ndege zikisimama, jiko la nyumba ya wageni lifanye nini?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tuna nyumba ya wageni ya vyumba 12 Jambiani, Unguja. Anga ya Doha, Qatar, ambako wageni wengi hubadilishia ndege, ilipofungwa Juni 2025 tulibaki na wageni walioshindwa kuondoka, na wengine tuliowatarajia hawakufika. Nikahofia chakula kitaadimika, nikajaza friza. Mwisho nilitupa vitu vingi, na kina mama wanaotuletea mboga walinuna kwa sababu nilikata oda ghafla. Likitokea tena, chakula nikiagize vipi? Na mgeni aliyekwama, gharama zake ni za nani?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Wenye hoteli wengi hukimbilia kujaza friza ndege zikisimama, na hofu hiyo inaeleweka. Lakini hapa Unguja hesabu inakwenda kinyume. Chakula chetu cha kila siku hakiji kwa ndege. Mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta ni mizigo ya meli. Mbatata, vitunguu, karoti na sehemu kubwa ya tungule zinavuka kutoka Bara kwa boti na majahazi. Samaki ni wa hapa hapa. Kinachokuja kwa ndege ni mlaji pamoja na pesa yake.

Kwa hiyo anga ikifungwa, soko la Mwanakwerekwe halipungukiwi kitu. Linazidiwa, kwa sababu hoteli za pwani yote zimepunguza oda siku moja. Ngisi, kamba na jodari ambao jana waligombaniwa leo wanatafutiwa mnunuzi. Ukinunua kwa hofu siku hiyo, unajaza friza kwa bei ya jana vitu ambavyo kesho utaletewa mlangoni kwa bei ya chini.

Upungufu wa kweli wa chakula kisiwani huletwa na bahari. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na hapo mwenye jiko alikuwa na haki ya kuhesabu viazi vyake. Upepo wa kusi ukikaza Julai na Agosti, majahazi huchelewa vilevile. Basi weka akiba ya vitu vikavu ya siku 14 mwaka mzima, yaani mchele, unga, mafuta, sukari, dengu, choroko na maziwa ya unga, kwa ajili ya bahari. Kwa ajili ya anga usiongeze hata kilo.

Wapo watu ambao anga ikifungwa chakula chao huharibika kweli, nao ni wale wanaouza kwa ndege. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilifunga sehemu kubwa ya anga ya Ulaya kwa siku kama sita. Safari za ndege zipatazo 100,000 zilifutwa na abiria kama milioni 10 wakaathirika. Kenya haikuona hata punje ya jivu lile, lakini maua ya Naivasha na maharage mabichi ya kusafirisha nje yalioza na kutupwa, na vibarua wa mashamba na nyumba za kufungashia wakarudishwa makwao. Baadhi ya mizigo iliokolewa kwa kupelekwa Hispania, kisha malori yakaipandisha kaskazini mwa Ulaya. Kuna jambo hapo linalotugusa na sisi: kabla ya janga la korona, karibu nusu ya mizigo ya angani duniani ilisafiri tumboni mwa ndege za abiria, chini ya viti vya watalii. Mtalii akikosa kuruka, na boksi la mboga halina pa kupanda. Ndiyo maana jibini, siagi ya nje, salmoni na matunda ya beri huwa vya kwanza kukosekana kwa muuzaji wako wa mjini, na vya mwisho kurudi. Orodha yako ya vyakula isiwe na zaidi ya sahani mbili zinazotegemea vitu hivyo, na kila moja mpishi awe ameshajua mbadala wake.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Kabla ya kugusa oda yoyote, jua sababu, kwa sababu sababu ndiyo inayotoa muda. Mgomo wa wafanyakazi wa uwanja huwa wa saa au siku chache. Ule wa Jomo Kenyatta, Nairobi, wa tarehe 11 Septemba 2024 ulikwisha siku hiyo hiyo. Mafuriko au moto kwenye kituo kikubwa huchukua siku moja hadi nne, kama mvua ya Dubai ya 16 Aprili 2024, au moto wa kituo cha umeme uliofunga Heathrow tarehe 21 Machi 2025. Jivu la volkano halina ratiba, linafuata upepo. Vita inaweza kufunga anga kwa saa chache, kama ilivyokuwa Doha usiku wa 23 Juni 2025, au kwa miaka: anga ya Ukraine ilifungwa kwa ndege za kiraia tarehe 24 Februari 2022, na mamia ya watalii wa Ukraine waliokuwa Zanzibar wakajikuta hawana nchi ya kurudi kwa ndege. Maradhi ya mlipuko ni miezi. Tanzania ilifungua tena anga tarehe 18 Mei 2020, lakini wageni hawakurudi kwa sababu tu mlango umefunguliwa: Zanzibar ilipokea zaidi ya wageni 538,000 mwaka 2019, na mwaka 2020 kama 260,000 tu.

Jambo linalowaponyoka wengi ni mkia wa tatizo. Anga ya Doha ilifungwa kwa saa, mbona wageni wako walikwama kwa siku? Chukua ndege ya viti 250 ambayo kwa kawaida hujaa asilimia 85. Ikifutwa moja, abiria 212 wamebaki chini. Ndege ya kesho ina viti 38 vitupu, na ya keshokutwa hivyo hivyo. Bila ndege ya ziada, watu wale wanahitaji karibu siku sita kumalizika. Msimu wa Julai na Agosti, au mwisho wa Disemba, ndege zikijaa asilimia 95, viti vitupu ni 12, na foleni inakuwa ya zaidi ya wiki mbili. Kwa hiyo ukisikia "anga imefunguliwa", usirudishe oda zako kamili siku hiyo. Muulize kila mgeni tarehe mpya iliyoandikwa kwenye tiketi yake. Ahadi ya simu haitoshi.

Oda zote zitoke kwenye namba moja: watu watakaokula kesho. Ipigie hesabu kila siku saa kumi jioni, kabla wavuvi na kina mama hawajapanga kazi ya alfajiri. Anza na waliolala kwako leo. Toa wenye tiketi iliyothibitishwa ya kesho. Ongeza wanaokuja, lakini hesabu wale tu ambao kipande chao cha mwisho cha safari kimethibitishwa: yuko Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul na ana pasi ya kupandia ndege ya Unguja, au ameshafika Dar es Salaam na anatafuta boti. Huyu wa Dar usimwache ahangaike. Boti ya kasi ni kama saa mbili tu, na ukimtumia ratiba ya boti na dereva wa kumpokea bandarini Malindi unaokoa usiku mmoja wa chumba ambao ungepotea. Mgeni aliye bado Frankfurt au Warsaw anayekuandikia kwamba "atajitahidi" mhesabu sifuri.

Tuseme umepata watu 15. Asubuhi mayai mawili kila mmoja ni 30, yaani trei moja. Mchele mkavu gramu 90 kwa mtu ni kilo moja na robo na kidogo. Samaki ndipo watu wanapokosea. Ukitaka gramu 200 za nyama safi kwa sahani unahitaji kilo 3, lakini samaki mzima akiondolewa kichwa, matumbo, mifupa na ngozi hubakiza asilimia 40 hadi 45, hivyo unaagiza kilo 7 za samaki mzima. Pweza hupoteza karibu nusu ya uzito jikoni, kwa hiyo sahani ya gramu 180 inataka gramu 360 za pweza mbichi aliyesafishwa, na kwa watu 15 ni kilo tano na nusu hivi. Andika namba hizi ukutani jikoni. Mpishi anayekisia huongeza theluthi nzima "kwa usalama", na theluthi hiyo ndiyo uliyoitupa Juni.

Wageni waliokwama hula tofauti na walio likizo. Wanaanza kubana matumizi, hawaagizi tena kamba, na wanachoka na orodha ile ile kufikia siku ya tatu. Wapikie chakula kimoja cha jioni kwa wote, kwa bei moja: siku moja wali wa nazi na samaki wa kupaka, nyingine pilau, nyingine maharage na chapati na mchicha. Jiko linapika sufuria moja badala ya sahani saba, mabaki yanapungua, na mboga za kijijini zinaendelea kununuliwa.

Kuhifadhi. Friza iliyojaa ikikatika umeme hubaki imeganda kama saa 48 ikiwa haifunguliwi. Iliyojaa nusu ni saa 24. Unguja iliwahi kukaa bila umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, kwa hiyo akiba ya kugandisha isizidi ile ambayo jenereta yako inaweza kuilinda bila kukufilisi kwa mafuta. Samaki wa barafu anataka kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ametolewa matumbo, boksi lina tundu la kutoa maji, na barafu inaongezwa asubuhi na jioni. Samaki akielea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka anaharibika huku ukidhani amehifadhiwa.

Jodari nimtenge peke yake, kwa sababu ndiye anayepelekea wageni hospitali. Akikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yake. Sumu hiyo haina harufu ya kukuonya, na haiondoki kwa kupika, kukaanga wala kugandisha. Mgeni anakula, na ndani ya saa moja uso unamwiva, kichwa kinagonga, moyo unakimbia. Wiki ambayo soko limezidiwa, utaletewa jodari wa bei nzuri sana aliyekwisha kukaa juani akitafutiwa mteja. Mkatae, hata kama anayemleta ni mtu wako wa miaka yote.

Pweza ni kinyume: mchukue. Akigandishwa hulainika, na utakapompika baadaye hatahitaji kupigwa sana. Msafishe, mgawe kwa mafungu ya kilo moja moja, andika tarehe, gandisha. Usiyeyushe ukagandisha tena. Kamba kochi aliye hai mwombe mvuvi amwache kwenye kizimba baharini hadi mteja apatikane. Hana soko kubwa kijijini, na akifa ameshapoteza thamani.

Kuhusu kina mama wa mboga, walikuwa na haki ya kununa, na sababu iko kwenye kalenda ya shamba. Mchicha unavunwa wiki tatu au nne baada ya kusiwa. Matango ni kama siku 50. Tungule zinataka miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu miche ihamishwe. Ulipokata oda Jumanne, ulikuwa unakata uamuzi walioufanya Aprili kwa kuamini utakuwepo Juni. Mkulima hawezi kuyaambia matango yasubiri.

Kaeni nao sasa, wakati hakuna shida, muandike makubaliano mafupi. Napendekeza oda iwe na sakafu, yaani kiwango ambacho haishuki chini yake. Kama kawaida unachukua kilo 40 za tungule kwa wiki, ahidi kwamba hata anga ikifungwa utachukua kilo 16, asilimia 40, kwa wiki mbili za mwanzo, kwa bei ile ile. Ukitaka kubadilisha kiasi, unatoa taarifa kabla ya magharibi ya siku inayotangulia mavuno, si asubuhi wakiwa wameshachuma. Wao nao wanaahidi kwamba ndege zikirudi wewe ni wa kwanza kuhudumiwa kabla ya hoteli kubwa. Hiyo sakafu ya asilimia 40 si sadaka. Nyumba ya vyumba 12 mara chache hubaki tupu kabisa katika wiki mbili za mwanzo, kwa sababu waliokwama wanajaza sehemu ya nafasi ya wasiofika. Wiki ya tatu mkae tena mpange upya.

Na deni lolote ulilo nalo kwao lilipe wiki hiyo hiyo. Hoteli nyingi zikipata msukosuko huanza kwa kusimamisha malipo ya wadogo, maana wadogo hawana wakili. Mama aliyekukopesha mchicha wa wiki tatu anategemea pesa hiyo kununua mbegu. Asipopanda sasa, hutakuwa na mchicha watalii wakirudi, na utaununua mjini pamoja na nauli.

Ziada ya tungule iliyobaki mikononi mwako ipike bila maji, na chumvi kidogo, hadi kilo 10 zishuke kufikia kilo 3 au 4. Ipoze haraka kwenye beseni la maji ya barafu, itie kwenye mifuko ya nusu kilo na uigandishe. Usiiweke kwenye chupa juu ya rafu ukidhani chumvi itailinda. Matango na mchicha havina namna hiyo. Viuzwe Jambiani au Paje siku ile ile, hata kwa bei ya chini.

Swali la nani alipe lina majibu tofauti kwa wageni wawili walioketi meza moja, na ukilijua utawasaidia kuliko mapokezi ya hoteli nyingi. Kanuni 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya inamlazimu mwenye ndege kumpa abiria aliyekwama malazi na chakula, hata sababu ikiwa iko nje ya uwezo wake. Mahakama ya Umoja huo ililithibitisha hilo tarehe 31 Januari 2013, katika kesi iliyotokana na jivu la Iceland, na ikasema wajibu huo hauna ukomo wa siku wala wa pesa. Lakini kwa safari inayoanzia Unguja kwenda Ulaya, kanuni hiyo inamfunga shirika la Ulaya tu. Mgeni anayerudi na shirika la Amsterdam analindwa. Anayerudi na shirika la Ghuba hana haki hiyo hata kama anakwenda mji ule ule. Huyu wa pili ategemee masharti ya tiketi yake na bima yake ya safari.

Kuna mlango wa tatu. Aliyenunua safari nzima kama kifurushi kutoka kwa wakala wa Ulaya, ndege na hoteli pamoja, analindwa na sheria nyingine ya Umoja huo, namba 2302 ya 2015: asipoweza kurudishwa kwa sababu zisizozuilika, wakala hulipia malazi yake hadi usiku tatu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mgeni aliyekwama ni alinunua wapi na anaruka na nani. La pili, ameshakubali kurudishiwa nauli? Anayelindwa na Kanuni 261 akibonyeza kitufe cha kurudishiwa pesa, wajibu wa shirika kumlisha na kumlaza unakoma hapo. Mwambie asikibonyeze kabla hajajua atarudi vipi.

Wewe mpe karatasi zitakazokubalika huko aendako. Ankara moja ya jumla iliyoandikwa "malazi na chakula" hukataliwa. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, kila usiku na tarehe yake, kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni kila kimoja mstari wake, pombe kwenye risiti tofauti kwa sababu hairudishwi, na risiti ya kielektroniki ya ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar). Mwambie aombe shirika la ndege barua au ujumbe unaotaja namba ya safari, tarehe na sababu ya kufutwa. Bila hiyo bima nyingi hazisogei. Na angalieni tarehe ya viza. Ikikaribia kuisha aende Uhamiaji kabla haijaisha, si baada.

Bei ya usiku wa ziada ni uamuzi wako, ila naomba usiipandishe, hata kama ni Agosti na jirani amepandisha. Hesabu gharama halisi ya chumba kinacholaliwa: kufua, umeme, maji, kifungua kinywa, ujira. Tuseme inafika shilingi 45,000. Chochote juu ya hapo kwa chumba ambacho mgeni wake mpya hakufika ni faida usiyokuwa nayo. Malipo yawe ya usiku mmoja mmoja au miwili, yasirundikwe hadi mwisho, maana kadi ya mtu aliyekwama siku nane inaweza kugonga ukomo wake akiwa bado mezani kwako.

Kwa wasiofika, wape tarehe nyingine ndani ya miezi 12 kabla hujazungumzia kurejesha pesa, na uwaandikie siku ile ile. Wengi hukubali. Wakikubali, andika tarehe hizo mpya kwenye daftari la kina mama pia, ukitaja idadi ya watu, ili miche ya tungule ihamishwe miezi mitatu kabla ya kufika kwao.